Rejeta ya Shaba Haitupwi

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkutano wa wamiliki na mafundi wa magari-nyumba ya kale. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Ndugu Mwenyekiti, wanachama wenzangu, mafundi mliotuheshimu kwa kufika, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuitoa na kuitengeneza rejeta, kile chombo cha kupozea maji ya injini, ya gari-nyumba la zamani. Nitaizungumzia, lakini naona ni haki nitangaze mapema upande niliosimama, ili mwenye nia ya kunipinga ajiandae: rejeta ya shaba haitupwi. Inaweza kuvuja, inaweza kuziba, mapezi yake, yale mabati membamba ya kupitishia upepo, yanaweza kuwa yamelazwa yote na mawe ya barabarani, na bado haitupwi.

Kwa nini nasema hivyo? Rejeta za magari mengi ya siku hizi zina kiini, yaani sehemu ya katikati yenye mirija na mapezi, cha alumini na matangi ya plastiki yaliyobanwa ukingoni, na plastiki ikishapasuka ni vigumu mno kuiunga ikastahimili joto na presha kwa muda mrefu, kwa hiyo mwenye gari hununua nyingine. Rejeta ya shaba ina tabia tofauti. Mirija yake, matangi yake, mabano yake na shingo ya kifuniko chake vimeshikwa pamoja kwa lehemu ya bati na risasi, na kilichoshikwa kwa lehemu hufunguliwa kwa moto na kufungwa tena kwa moto. Waliozibuni rejeta hizi walijua kwamba iko siku zitafunguliwa.

Mwenye gari dogo la kawaida anaweza kuchagua kati ya kutengeneza na kununua. Sisi je? Chukueni mfano wa GMC Motorhome, lililoundwa na General Motors kuanzia 1973 hadi 1978 na kisha likaachwa. Rejeta yake hamuikuti imepangwa rafuni katika duka la vipuri vya kila siku. Yale yaliyojengwa juu ya chasisi za malori yana shida hiyohiyo kwa sura nyingine: mjenzi wa nyumba aliisogeza rejeta, akabadilisha mpira wa maji, akaongeza bati la kuelekeza upepo, na wala hakuandika popote alichokifanya. Ukiitupa rejeta ya gari la namna hiyo, umetupa pamoja nayo mabano, matangi na vipimo ambavyo havimo katika kitabu chochote.

Basi tuanze na swali ambalo wengi huliruka: je, kosa ni la rejeta kweli?

Kuna mwanachama mwenzetu, ambaye ameniruhusu nisimulie habari yake bila kumtaja, aliyekuwa na gari-nyumba kubwa lililokuwa likichemsha kila lilipopanda mlima mrefu. Likisimama na injini ikinguruma taratibu, mshale wa joto ulitulia mahali pake. Likishika kasi, mshale ulipanda. Kila aliyeulizwa alisema rejeta imeziba. Ikatolewa kwa taabu kubwa, ikaoshwa, ikarudishwa, na safari ya kwanza gari likachemsha vilevile. Mwishowe fundi mmoja mwenye subira alilala kando ya gari, akamwomba mwenye gari aongeze moto wa injini, akautazama mpira wa chini, yaani bomba la raba linalorudisha maji kutoka rejeta kwenda kwenye injini. Injini ilipokuwa taratibu, mpira ulikuwa mviringo. Moto ulipoongezwa, mpira ulijibana katikati hadi kuta zake zikagusana. Ndani ya mpira wa chini wa magari mengi ya zamani huwekwa springi ya waya ya kuuzuia usinywee pampu inapovuta maji, na ya gari lile ilikuwa imeliwa na kutu hadi ikabaki vumbi. Pampu ilikuwa inavuta, maji hayapiti, na lawama zote zinabebeshwa rejeta.

Ninaisisitiza hadithi hii kwa sababu kuitoa rejeta ya gari-nyumba si kazi ya kufanywa kwa kubahatisha. Kwa hiyo kabla hamjashika spana, lisomeni joto lenyewe. Gari likichemsha likiwa limesimama au linakwenda polepole, lakini likapoa likishika mwendo, shaka ielekee kwenye feni: klachi yake imelegea, au kava la kuielekezea upepo limevunjika, au sponji za pembeni zimeoza na upepo unapita kando ya rejeta badala ya kupita ndani yake. Likichemsha kwa mwendo wa kasi na milimani tu, shaka ielekee kwenye mirija iliyoziba, au kwenye mpira wa chini kama nilivyosimulia. Na likiwa baridi kabisa, kifuniko kikiwa wazi, ukaiwasha injini na mapovu yakaanza kutoka mfululizo shingoni, hapo shaka yangu ya kwanza ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, na rejeta mpya itachemka kama ile ya zamani.

Mwenye kipimajoto cha kumulika ana faida kubwa zaidi. Injini ikiwa imepata moto, zima, kisha pitisha kipimo polepole juu ya uso wa kiini. Mahali palipo baridi ghafla katikati ya joto, hapo mirija imeziba. Hapa ndipo inapofaa kukumbuka kwamba kinachopoza injini ni ukubwa wa eneo linaloguswa na upepo, kuliko wingi wa maji. Mhandisi Mjerumani Wilhelm Maybach alilidhihirisha hilo katika gari la Mercedes la nguvu farasi 35 la mwaka 1901, ambalo rejeta yake ya sega la asali ilikuwa na vijirija 8,070, na kwa sababu hiyo injini ikahitaji lita 9 tu za maji. Takriban theluthi moja ya nishati ya mafuta yanayochomwa huishia kwenye maji ya kupozea. Robo ya mirija ikiziba, joto lile haliendi likizo. Hubaki ndani ya injini.

Na zile poda na vimiminiko vya kuziba matundu, vinavyomiminwa shingoni? Mnajua nitasema nini. Mficha maradhi kifo humuumbua. Dawa hiyo haijui kutofautisha tundu la kuvujia na mrija mwembamba wa kipasha joto cha ndani, nayo huviziba vyote viwili. Njiani usiku, mbali na msaada, siwezi kumlaumu aliyeitumia. Lakini aliyeitumia na amwambie fundi, kwa sababu ute wake usipokwanguliwa, lehemu haishiki juu yake hata kidogo.

Sasa tumeridhika kwamba rejeta ndiyo yenye kosa. Inatoka vipi?

Kwanza kabisa, injini ipoe. Kifuniko cha presha ya bar 1 hupandisha kiwango cha maji kuchemka kutoka nyuzi 100 hadi takriban nyuzi 120 za Selsiasi. Maana yake ni kwamba maji yenye nyuzi 110 yanaweza kuwa yametulia kimya chini ya kifuniko, na ukikifungua, presha inaondoka na maji yale yanageuka mvuke papo hapo, usoni mwako. Subiri hadi mpira wa juu uweze kuubana kwa mkono bila kuhisi ugumu wala joto.

Pili, kumbukeni kwamba hili ni gari na ni nyumba pia. Lina betri ya injini na betri ya nyumba, na mara nyingine zimeunganishwa kwa swichi ambayo mwenyewe ameisahau, kwa hiyo ondoeni nyaya za zote mbili. Lina mtungi wa gesi, na pengine friji yenye mwali mdogo unaowaka usiku na mchana. Fungeni gesi kwenye mtungi wenyewe. Na lina uzito. Mtu asiingie chini yake kwa kuitegemea jeki, wala kwa kuzitegemea zile nguzo za kulisawazisha gari kambini, ambazo kazi yake ni kuzuia kitanda kisiiname. Chasisi ikae juu ya stendi zinazoumudu uzito wake, mahali pagumu na tambarare.

Maji ya kupozea yaingie chomboni. Kulanti ya ethilini glikoli ina ladha tamu, na mbwa au paka akiilamba kidogo tu anaweza kufa, seuze mtoto. Kile kibomba kidogo cha kumwagia maji kilicho chini ya rejeta msikilazimishe kikigoma. Kimekaa humo miongo mingi, na shaba yake imechoka. Ni afadhali kuuvua mpira wa chini na kulowa kidogo kuliko kung'oa kibomba pamoja na kipande cha tangi. Mipira nayo isivutwe kwa kuizungusha kwa nguvu juu ya shingo za lehemu. Mpira wa bei ndogo na upasuliwe kwa kisu kwa urefu, shingo ya tangi ipone.

Nataka nikae kidogo kwenye nati za paipu za oili, kwa sababu hapa ndipo rejeta nyingi nzima huuawa. Magari-nyumba mengi yenye gia otomatiki yana kipozeo cha oili ya gia ndani ya tangi la rejeta. Paipu mbili nyembamba zinaingia pale, na kila moja imekazwa kwa nati juu ya kiungio ambacho nacho kimelehemiwa kwenye tangi. Fundi mmoja kijana, hodari wa injini, aliweka spana moja kwenye nati, akavuta. Nati iliyokuwa imeshikwa na kutu haikuzunguka. Kilichozunguka ni kiungio pamoja nayo, na lehemu iliyokizingira ikapata ufa usioonekana kwa macho. Rejeta ikatengenezwa kwingine kote, ikarudishwa, na baada ya safari chache oili ya gia ikawa na rangi ya maziwa yaliyotiwa damu. Mnajua kinachofuata? Maji na glikoli hushambulia gundi inayoshikilia vitambaa vya klachi za gia, na gia otomatiki nzima hufunguliwa. Spana mbili, ndugu zangu. Moja inashika kiungio kisitikisike, ya pili inazungusha nati. Spana mbili kila mara, wakati wa kufungua na wakati wa kukaza.

Mengine nitayapita upesi. Kondensa ya kiyoyozi iliyo mbele ya rejeta isifunguliwe paipu zake. Ifunguliwe bolti tu na iegeshwe kando kwa kamba, na kama haiwezekani, aitwe mwenye mtambo wa kuikusanya gesi yake. Piga picha ya kila bano kabla ya kulitoa. Kuna rejeta zinazotoka kwa juu kupitia kifuniko cha injini kilicho ndani kati ya viti, kuna zinazotoka kwa mbele baada ya kuvua grili na bampa, na kuna zinazoteremshwa kwa chini. Njia yoyote iwayo, tangulizeni kipande cha mbao laini au kadibodi kati ya kiini na feni, na muwe wawili, kwani rejeta kubwa ya shaba ni nzito na mapezi yake hulala kwa kuguswa na kiwiko.

Imetoka. Iko mezani. Sasa tunaingia kwenye kazi yenyewe.

Tundu hutafutwa kwa maji na upepo. Ziba shingo zote isipokuwa moja, izamishe rejeta ndani ya beseni kubwa, na uingize upepo usiozidi presha iliyoandikwa kwenye kifuniko chake. Pampu ya baiskeli yenye geji inatosha kabisa. Nasema pampu ya baiskeli kwa makusudi, kwa sababu kompresa ya gereji inaweza kuwa na bar 8 ndani ya tangi lake, na mkono ukiteleza kwenye kidhibiti, mishono ya rejeta hufumuka. Mapovu yakionekana, weka alama, kisha tazama tena, maana tundu la pili hupenda kujificha nyuma ya la kwanza. Hata kabla ya beseni, macho yaliyozoea huona: pale penye doa la kijani au jeupe juu ya shaba, pamekuwa pakivuja taratibu kwa muda mrefu.

Zamani nilibahatika kukaa karibu na mzee mmoja mhunzi wa rejeta, na jambo lililonishangaza ni jinsi alivyokuwa na kazi ndogo na moto. Alikwangua. Alipiga brashi ya waya, akakwangua tena kwa ncha ya kisu kwenye kona ambako brashi haifiki, akaosha, akaangalia kwenye mwanga, akarudia. Shaba ilipokuwa nyangavu pande zote za ufa, bila weusi, bila kijani, bila mabaki ya gundi ya aliyetangulia, ndipo alipopaka asidi yake ya kulehemia. Aliitengeneza mwenyewe nje, penye upepo, kwa kutumbukiza vipande vya zinki katika asidi ya hidrokloriki hadi isitoe mapovu tena. Moto wenyewe ulichukua muda wa kunywa kikombe cha chai iliyopoa. Lehemu ilikimbilia ndani ya ufa kana kwamba ilikuwa imeitwa.

Siri iko kwenye tarakimu mbili. Lehemu yenye sehemu 63 za bati na 37 za risasi huyeyuka kwa nyuzi 183. Shaba nyekundu huyeyuka kwa nyuzi 1,085. Pengo hilo ndilo linalotuwezesha kufungua na kufunga bila kuiharibu metali. Lakini pengo hilohilo lina mtego: kila kiungo cha jirani nacho kimeshikwa na lehemu, na haitofautiani sana na ile unayoiyeyusha. Ukikaa na moto mahali pamoja, unaziba tundu moja na kufungua mishono miwili. Ndiyo maana mwali uwe laini na usitulie, na viungo vya jirani vifunikwe matambara yaliyolowa. Ukiona lehemu inajikunja kuwa vidonge na kuviringika badala ya kutambaa, usiongeze moto. Pale pachafu, rudi kwenye brashi.

Tundu likiwa kwenye mrija wa katikati ya kiini, ambako mkono haufiki, mrija huo huzibwa kwa lehemu ncha zote mbili na kuachwa. Rejeta kubwa haitalalamika kwa kupoteza mrija mmoja au miwili. Ikiwa ni mingi, au mirija imejaa ukoko, tangi la juu hufunguliwa kwa kuupitisha moto taratibu kando ya mshono wote, likaondolewa, na kila mrija ukasuguliwa ndani kwa ufito bapa mwembamba, kisha maji yakasukumwa kutoka chini kwenda juu. Na kiini kikiwa kimeoza kabisa, mapezi yanabomoka ukiyagusa kwa kidole? Hata hapo haitupwi. Kiini kipya cha vipimo vilevile hulehemiwa kati ya matangi ya zamani, na mabano ya mjenzi asiyeandika kitu hubaki mahali pake. Hiyo ni kazi ya mtaalamu, na gharama yake si ndogo, lakini gari linarudi barabarani likiwa na umbo lake lilelile.

Kazi ya lehemu ikiisha, ioshe asidi yote kwa maji mengi, la sivyo itaendelea kuila shaba usiku ukiwa umelala. Osheni na mikono kabla ya kula, kwa kuwa vumbi la risasi ni sumu.

Niseme neno kuhusu raba za kukalia rejeta, ambazo hakuna anayeziuliza. Lipo gari lililoletwa kwa fundi huyohuyo mzee mara kwa mara, likivuja kona ileile ya chini kushoto. Kila mara alilehemu vizuri, na kila mara lilirudi. Safari ya mwisho alikataa kuigusa rejeta hadi aonyeshwe mahali inapokaa. Raba ya upande ule haikuwepo kabisa. Mtu alikuwa amekaza bano moja kwa moja kwenye chasisi. Chasisi ndefu ya gari-nyumba hujinyonga kila gurudumu linapoingia shimoni, na bila raba kila mnyongo ulikuwa ukipokewa na kona ile ya lehemu. Iliwekwa raba mpya, bolti zikakazwa kwa kiasi, na gari halikurudi.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa, kwa hiyo sitawachosha. Wekeni mipira mipya, yenye springi kwenye wa chini. Kulanti ichaguliwe ile iliyoandikwa kuwa inafaa shaba na viungo vya lehemu, kwa sababu baadhi ya kulanti za kisasa za asidi za kikaboni zilitengenezwa kwa ajili ya alumini, nazo hazilindi lehemu ya risasi inavyostahili. Msiitambue kwa rangi. Kila mtengenezaji hutia rangi aipendayo. Someni lebo.

Halafu kuna hewa. Gari la kawaida huitoa hewa lenyewe baada ya muda mfupi, lakini la kwetu linaweza kuwa na paipu za maji moto zinazokwenda hadi kwenye kipasha joto cha chumba cha nyuma, na hewa hujibanza huko. Volkswagen T3 za injini ya maji ni mfano mzuri: injini iko nyuma, rejeta iko mbele, na maji husafiri chini ya sakafu kwenda na kurudi. Huinuliwa pua, skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya rejeta hufunguliwa, na maji huongezwa hadi yatoke hapo bila mapovu. Kwa gari lolote, vipasha joto vyote viwe wazi wakati wa kujaza. Endesheni hadi lipate moto kamili, lipoe kabisa, ongezeni maji, na kazeni klipu za mipira upya, kwa sababu mpira mpya hulegea baada ya joto la kwanza.

Nimeleta rejeta mbili na beseni la maji. Moja ina matundu matatu, ya pili nimeambiwa na mwenyewe kwamba haina hata moja, nami simwamini. Pampu ya baiskeli iko kando ya beseni. Karibuni mezani, na mwenye swali aulize tukiwa tunatafuta.